NOMA au BFA: msanifu mwanamke Mweusi aanzie wapi?

NOMA (National Organization of Minority Architects), chama cha Marekani cha wasanifu majengo wa jamii za wachache, ilizaliwa Detroit mwaka 1971, wasanifu majengo Weusi 12 walipokutana kwenye mkutano mkuu wa chama cha wasanifu cha Marekani. Nguvu yake ni ukubwa: matawi mijini, vikundi vya wanafunzi vyuoni, mashindano ya usanifu, kambi za kuwafundisha vijana kuchora na kuunda modeli. Ila ni chama cha wote, wanaume kwa wanawake.

Black Females in Architecture (BFA) ya London ilianza 2018 kama kundi la WhatsApp. Ni changa, lakini imeanzishwa na wanawake Weusi kwa ajili ya wenzao. Katika kundi la namna hiyo ni rahisi kuuliza usiyothubutu kumuuliza bosi: nidai mshahara kiasi gani? Nikitoka likizo ya uzazi, nitarudishiwa mradi wangu? Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko mkutano wowote. Norma Merrick Sklarek, msanifu mwanamke Mweusi wa Marekani, alipata leseni New York mwaka 1954, kabla NOMA na BFA hazijakuwepo; wewe leo una pa kuanzia.

Uko Marekani na mitihani ya leseni inakukabili? Anza na NOMA. Ukiwa Uingereza, nenda BFA bila kusita.