Riwaya za upelelezi na filamu zake: uzoefu wangu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Hukumu kwanza. Riwaya ya upelelezi naipa nyota 5 kati ya 5. Filamu iliyotokana nayo, nyota 3 na nusu. Filamu hiyohiyo ikiwa imetafsiriwa na DJ, nyota 1, tena hiyo moja ni ya kicheko. Nazungumzia ile aina ya "nani kaua": maiti mwanzoni, washukiwa katikati, majibu mwishoni. Riwaya za kijasusi kama za Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mambo mengine, maana mle adui unamjua mapema na raha yote iko kwenye kumfukuza.

Sherlock Holmes alitokea kitabuni 1887 na bado watu hawajamchoka. Kwangu sababu ni moja: hadithi ya namna hii inakagulika. Ukimaliza, unarudi nyuma kurasa mia mbili na kukuta mwandishi alikwambia, tena waziwazi, ila wewe ulikuwa umeelekeza macho kwingine. Mwaka 1929 padri wa Kiingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika riwaya hizi, aliorodhesha masharti 10 ya mchezo. Muuaji awe ametajwa mapema. Mpelelezi asigundue dalili halafu akamficha msomaji. Mlango wa siri usizidi mmoja. Miujiza na mizimu marufuku. Sharti hilo la mwisho Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilipatia vizuri mno: Mzimu wa Watu wa Kale kina mzimu kwenye jina, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, haendi kupiga ramli. Anauliza, anapima majibu, anaunganisha. Kwa msomaji anayeanza na asiyetaka kuhangaika na Kiingereza, anzia hapo.

Dalili hufichwa wapi? Mahali pa kawaida ni katikati ya orodha. Mwandishi akitaja vitu saba vilivyokuwa mezani, cha kwanza na cha mwisho utavikumbuka. Kinachokuhusu ni cha nne au cha tano. Mahali pengine ni kabla tu ya ugomvi au kelele. Mtu anasema sentensi moja muhimu, mlango unagongwa kwa kishindo, na wewe unaukimbilia mlango. Tatu, na hii ndiyo huwapata wengi, ni jambo ambalo halikutokea: mbwa hakubweka, barua haikujibiwa, mtu hakushangaa alipopashwa habari ya kifo. Nne ni shahidi mwenye heshima zake. Daktari, mwalimu au mchungaji akisema saa fulani marehemu alikuwa hai, wasomaji huandika kama ukweli. Muda wa kifo ukitegemea neno la mtu mmoja tu, uwekee alama ya kuuliza hata kama mtu huyo ni shemasi.

Kuwafuatilia washukiwa, karatasi moja inatosha. Gawa safu nne: jina, alikuwa wapi, nani mwingine anathibitisha, anapata nini marehemu akifa. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Wasomaji wengi hujaza ya nne peke yake, wanamkamata mrithi, na mrithi karibu kila mara ni chambo. Funga kitabu pale mpelelezi anaposema ameshaelewa, au anapoomba watu wote wakusanyike sebuleni. Kwa kawaida hapo umebakiwa na sehemu kama ya kumi ya kitabu. Andika jina la unayemshuku na sababu zako mbili, ndipo uendelee. Mwandishi Ellery Queen wa Marekani, kuanzia kitabu chake cha kwanza cha 1929, alikuwa anasimamisha hadithi kabisa na kumwambia msomaji: dalili zote unazo, haya tuone.

Sasa filamu. Tatizo lake ni hesabu. Riwaya ya Mwingereza Agatha Christie ina maneno 50,000 hadi 70,000 na washukiwa hata kumi. Filamu ya dakika 90 haiwabebi wote, kwa hiyo wanapunguzwa wakabaki watano au sita, na kila aliyebaki lazima awe na kazi. Mhusika anayeonekana hana kazi, umeshamshuku. Kuna na tatizo la sura zinazojulikana. Msanii mashuhuri akipewa nafasi ya mtu anayepita tu kubeba trei ya chai, jiulize kwa nini wamemlipa. Watazamaji wetu waliolelewa na ile kanuni ya "staringi hafi" wanalijua hili hata bila kufundishwa. Filamu za wasanii wageni kabisa, au zile ambazo wote ni mashuhuri, ndizo zinazoficha vizuri.

Ndiyo maana hadithi fupi hufaa skrini kuliko riwaya ndefu. Hadithi moja ya Holmes ina maneno kama 8,000, na kipindi cha televisheni cha dakika 50 kinaimeza bila kuikata viungo. Mfululizo alioigiza Jeremy Brett, 1984 hadi 1994, nauweka juu ya mingine yote kwa sababu hiyo. Wa Benedict Cumberbatch, 2010 hadi 2017, una vipindi 13 na unachangamsha, ila Holmes anawaza haraka kuliko mtazamaji anavyoweza kukagua. Unamshangilia, humkagui. David Suchet aliigiza Hercule Poirot, mpelelezi wa Christie, katika vipindi 70, 1989 hadi 2013. Vile vya mwanzo, vingi vyake vya hadithi fupi, ni vyepesi na vina mzaha. Vya mwishomwisho ni vizito na vina giza. Msianze na cha mwisho, tafadhali.

Murder on the Orient Express ya Christie, mauaji ndani ya treni iliyokwama, inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ni rahisi kuilinganisha. Kitabu ni cha 1934 na kina sehemu tatu: ukweli wa tukio, ushahidi, halafu Poirot anakaa na kufikiri. Sehemu ya pili yote ni mahojiano, abiria mmoja baada ya mwingine. Hakuna anayekimbia. Ndani mna ramani ya behewa inayoonyesha nani kalala chumba kipi. Ukinunua nakala isiyo na ramani, ichore mwenyewe. Filamu ya 1974 ya Sidney Lumet inapita saa 2 na inavumilia mahojiano. Ya Kenneth Branagh ya 2017 haifiki saa 2, na humo Poirot anafukuzana na mtu nje kwenye baridi. Picha zake ni nzuri ajabu, ila kila dakika ya kufukuzana imenyang'anywa kutoka kwa shahidi fulani. Msomaji wa Mbeya ana bahati hapa: aliyewahi kulala TAZARA, chumba cha wanne daraja la kwanza au cha sita daraja la pili, hahitaji kuelezwa kwa nini mauaji ndani ya treni iliyokwama ni fumbo zuri. Treni ikisimama usiku kati ya Makambako na Mlimba, na nje ni mabonde na mahandaki matupu, muuaji hana pa kwenda. Mwandishi wa Nyanda za Juu anayetafuta mahali pa kuanzia, mahali ndipo hapo.

Jihadharini na And Then There Were None. Kitabu kilitoka 1939. Christie mwenyewe alipokigeuza mchezo wa jukwaani mwaka 1943, alibadilisha mwisho. Filamu ya 1945 ikafuata mwisho wa jukwaa, na nyingi baada yake nazo zikafuata. BBC walipoitoa kwa sehemu 3 mwaka 2015 walirudi kwenye mwisho wa kitabu. Kwa hiyo mtu anayekwambia "hiyo naijua" kwa sababu aliona filamu ya zamani, huenda haijui. Kitabu bado mkisome.

Kuhusu mpangilio, mimi nasema kitabu kwanza, filamu baadaye, na katikati yake acha mwezi mmoja au miwili. Ukitazama kesho yake utakuwa unahesabu walichokata, hutaona kitu kingine. Ukiacha muda, jina la muuaji utalikumbuka lakini njia utakuwa umeisahau, na hapo filamu inakuwa na faida yake ya pekee: unamwangalia muuaji usoni kuanzia dakika ya kwanza, uone msanii alivyouigiza uongo wake. Kinyume chake, filamu kwanza kisha kitabu, hufaa tu kwa asiye na uhakika na Kiingereza chake, kwa sababu sura za filamu zitamsaidia kutofautisha yale majina ya Kizungu yanayofanana.

Haya ya DJ. Kwa filamu ya ngumi, DJ ni burudani na siku nyingine hushinda filamu yenyewe. Kwa fumbo, anaua mara mbili. Dalili ziko kwenye mazungumzo, naye sauti yake inayafunika. Isitoshe ameshaiona hadi mwisho, na uzalendo unamshinda: "Huyu mama mtazameni vizuri, huyu!" Dakika ya kumi na tano, kesi imefungwa. Kwenye vibanda vya kujazia muvi, sema mapema unataka isiyotafsiriwa, yenye maandishi ya chini.

Maandishi nayo yana kesi zake. Faili lake, lenye mwisho wa .srt, lazima liwe na jina lilelile la faili la filamu na likae folda moja, vinginevyo televisheni nyingi hazilioni. Kwenye kompyuta, programu ya VLC hukuruhusu kusogeza maandishi: yakichelewa bonyeza G, yakitangulia bonyeza H, kila mbonyezo milisekunde 50. Lakini kama mwanzo yako sawa na kadiri filamu inavyokwenda pengo linakua, hadi dakika mbili na nusu hivi kwa saa moja, usijichoshe na G na H. Filamu ni ya picha 25 kwa sekunde, kama ilivyo desturi ya televisheni ya Uingereza, na maandishi yaliandaliwa kwa ile ya 23.976, au kinyume chake. Tafuta faili jingine. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, hata kama nafasi ipo. Ifomati exFAT kama televisheni yako inaikubali, au chukua toleo dogo zaidi.

Kubwa kuliko yote: epuka maandishi yaliyotengenezwa kwa ajili ya wasiosikia, labda kama unayahitaji. Hayo hutaja jina la msemaji. Mtu anaongea gizani, sauti kaibadilisha, uso hauonekani, na chini pameandikwa jina lake kwa herufi kubwa. Sijaona kiharibio kibaya kuliko hicho.

Kwa bando, saa moja ya video ya 480p inakula takribani MB 700, lakini mkusanyiko mzima wa hadithi za Holmes, toleo lisilo na picha, hauzidi MB chache. Haki miliki ya hadithi za mwisho za Holmes iliisha Marekani mwanzoni mwa 2023, hivyo zote zinapakuliwa bure na kihalali. Tovuti ya Project Gutenberg ni mahali pa kuanzia. Umeme ukikatika jioni ya Julai pale Uyole au Makambako, simu yenye chaji nusu itakusomesha hadi usingizi ukushike.

Kwa anayependa karatasi, meza za vitabu vya mtumba mjini huwa na Christie za Kiingereza zilizochakaa, na maktaba za mikoa, Mbeya na Iringa, zinafaa kuulizia za Kiswahili. Kitabu cha mtumba kikague hivi. Fungua nyuma kwanza, usisome, hesabu tu kama namba za kurasa zinafuatana hadi mwisho. Gundi za zamani hukauka na kurasa za mwisho ndizo huanza kudondoka, na riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa kumi za mwisho haina thamani hata ya kufungia karanga. Kunja mgongo kidogo. Ukisikia mlio wa kukatika, kiache. Nusa: harufu ya ukungu ikiwepo, usikiweke pamoja na vingine msimu wa mvua. Pitia na orodha ya wahusika ukurasa wa mwanzo, maana wapo watu wenye roho mbaya ambao humzungushia muuaji duara kwa kalamu.

Mkitazama kundi, mmoja ashike rimoti na kusimamisha pale wanapokusanyika sebuleni. Kila mtu aandike jina na sababu moja kwenye kikaratasi, vikunjwe, viwekwe chini ya kikombe. Jina bila sababu halihesabiwi. Anayekosa ananunua soda, na aliyekwishasoma kitabu hashiriki, hachekicheki, wala hatoki nje kwa makusudi.