Mpango wa dharura wa mgonjwa wa akili: nimeutumia, naupa nyota nne

Ni karatasi moja tu, inaandikwa mbele na nyuma. Mgonjwa huijaza akiwa na utulivu, pamoja na daktari wake, kueleza ahudumiwe vipi akizidiwa. Mtindo huu ulijaribiwa Uingereza. Katika jaribio la watu 160 lililochapishwa 2004, waliolazwa kwa lazima walikuwa asilimia 13 ya wenye mpango na 27 ya wasio nao. Lile la 2013, la watu 569, halikuona tofauti ya maana. Sehemu nyingine kikao kilikuwa kimechanganywa na kliniki ya kawaida, na matakwa ya mgonjwa yakapita hivyohivyo. Baada ya kuutumia hapa Kenya, sishangai.

Kwa hiyo dai kikao cha mpango huu peke yake. Vyema viwe viwili: cha kwanza na muuguzi, kisha ukae na fomu nyumbani wiki moja, cha pili saa nzima, na daktari, muuguzi, ndugu uliyemchagua wewe, na mwongozaji asiye wa timu inayokutibu. Wiki tatu au nne baada ya kutoka wodini ndio wakati wake. Mapema zaidi, dawa bado zinakulevya.

Sehemu ya dawa ndiyo moyo wa fomu, na ndiyo huharibiwa zaidi. Ukiandika "sitaki sindano" basi, muuguzi wa zamu ya usiku hana pa kushika. Yangu inasema: "Haloperidol peke yake hunipinda shingo. Anzeni na diazepam ya kumeza, chumba kisicho na kelele, nusu saa. Ikishindikana, haloperidol isipigwe bila promethazine." Haloperidol na diazepam ni dawa za kutuliza; promethazine huzuia shingo isipinde. Hapo kuna sababu, chaguo la kwanza na la pili. Uliza kwanza duka la dawa la hospitali wana nini. Ukitaja dawa wasiyokuwa nayo, mstari wote umekufa.

Dalili nazo ziwe za kuhesabika. "Nikibadilika" haisaidii mtu. "Nikilala chini ya saa 4 kwa usiku, siku tatu mfululizo" inasaidia. Andika pia wa kupigiwa simu, asiyepaswa kupigiwa, na nani atafunga duka na kulisha kuku. Msicheke: ubishi mwingi wa kulazwa huanzia kwa hao kuku.

Kuhusu ndugu, anayejitokeza mbio mbio mara nyingi ndiye aliyeleta kamba ya kukufunga mara ya mwisho. Mchukue anayengoja kuulizwa.

Udhaifu mkubwa ni mahali inapokaa. Faili hufungiwa masijala jioni, na watu huletwa usiku. Nakala moja iwe chumba cha dharura, moja kwa ndugu, picha kwenye simu, na ya faili igundishwe ndani ya jalada. Kagua namba za simu kila miezi sita na uweke tarehe mpya, maana fomu ya zamani hupuuzwa.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu moja. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, kwa marekebisho ya 2022, inampa mgonjwa haki ya kushiriki kupanga matibabu yake, lakini fomu haina mstari wa daktari kueleza kwa nini hakuifuata. Kwenye yangu nimeuchora mstari huo kwa kalamu, chini ya sahihi ya daktari, naye akautia sahihi pia.