Ukali wa picha ndani ya Lightroom Classic: unavyofaa kwa magofu, na unapokwama

Mpiga picha wa majengo yaliyohamwa ana shida ambayo mpiga picha wa sura hana: karibu kila kitu kwenye fremu kina kingo. Rangi inayobanduka, plasta yenye nyufa, kutu, mchanga uliojaa vyumba vya Kolmanskop, Namibia, mji uliobaki bila watu tangu 1956. Sehemu ya Detail ya Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kuhariri picha, ndiyo hukoleza ukali, nayo inazimudu kuta hizi vizuri sana, ila si kwa mipangilio inayokuja nayo.

Faili la RAW, yaani picha ghafi ya kamera, huingia na Amount (kiasi cha ukali) 40, Radius (upana wa ukolezaji kwenye kingo) 1.0, Detail (ukali wa vitu vidogo) 25 na Masking (kinachozuia sehemu zisikolezwe) 0. JPEG huingia na Amount 0, maana kamera imeshaikoleza. Kwa ukuta wa rangi inayobanduka, anzia Amount 55, Radius 0.7 na Detail 35, ukitazama kwa asilimia 100. Picha nzima ikibanwa kwenye skrini, ukali unaouona si wa kweli. Radius ikivuka 1.5, mstari mweupe hujitokeza pale nondo za dirisha zinapokutana na anga. Kitelezi cha Detail kinahitaji tahadhari zaidi: ukikisukuma kuelekea 100 hukoleza hata chenga, yaani vidoadoa vya picha, na zege laini hugeuka msasa.

Masking ndicho kitelezi bora cha programu hii. Shikilia Alt (kwenye Mac ni Option) huku ukikivuta: panapoonekana peupe patakolezwa, peusi pataachwa. Kwenye sura ya mtu, 70 hulinda ngozi. Kwenye gofu mambo ni tofauti, kwa sababu plasta iliyopasuka hubaki nyeupe hata hapo. Kitelezi hutafuta kingo tu, hakijui ufa upi ndio kiini cha picha na upi ni uchafu wa darini. Kitumie kulinda anga na vivuli, kisha kuta za pembeni uzipunguze kwa brashi, Sharpness −30. Usivuke −50, kwani kuanzia hapo programu haipunguzi tena ukali, inatia ukungu.

Kabla ya yote hayo, washa Remove Chromatic Aberration, inayoondoa mistari ya rangi ambayo lenzi huiacha kwenye kingo. Mstari wa zambarau kwenye fremu za madirisha ukikolezwa huonekana mara mbili zaidi. Chenga nazo ziondolewe mapema. Denoise iliyoongezwa 2023 inafanya kazi nzuri kwenye RAW, ingawa kompyuta yenye kadi dhaifu ya michoro itakuweka ukingoja.

Kuna ulaini ambao hakuna kitelezi kitakachoufuta. Ukifunga tundu la lenzi hadi f/22, yaani dogo sana, mwanga hutawanyika na picha nzima hulainika. F/8 kwa ISO 100 juu ya stendi inatosha vyumba vingi, ukitumia kipima muda cha sekunde 2. Sakafu ya mbao iliyooza ni mtego mwingine: katika picha ya sekunde 10, hatua moja yako huitikisa stendi. Simama tuli hadi shata ifunge. Hata usalama wako unataka hivyo.

Udhaifu mkubwa wa Lightroom uko kwenye kutoa picha iliyokamilika. Output Sharpening, ukolezaji wa mwisho wakati huo, ina aina tatu, yaani skrini, karatasi isiyong'aa na inayong'aa, na viwango vitatu tu: Low, Standard na High. Huoni matokeo kabla, wala huwezi kuweka namba. Kwa skrini, Low inatosha picha zenye nyufa nyingi. Standard huzifanya zikwaruze macho. Kwa karatasi isiyong'aa, ambayo hunyonya wino, Standard inafaa, lakini chapisha kwanza kipande kidogo chenye dirisha na ukuta pamoja.

Asiyetaka kulipia kila mwezi ajaribu RawTherapee, ambayo ni bure. Tangu toleo la 5.8 la 2020 ina Capture Sharpening, inayorudisha ukali uliopotea kwenye lenzi mwanzoni kabisa mwa uhariri, na kwa mawe na matofali inashindana vizuri na Lightroom.