Rojo la Nakshi Lililofika Muscat Likiwa Vumbi

Yeyote anayetengeneza kadi za mkono kwa stensili, yaani bamba jembamba lililotobolewa umbo la nakshi, na hasa anayezipeleka mbali kwa posta, namsihi asiliguse rojo la nakshi, ule uji mzito wa kuinulia michoro juu ya kadi, lililomo katika kopo jeupe lenye picha ya waridi ubavuni, linalouzwa katika duka moja la vifaa vya kuchorea huku Darajani, Unguja. Uzito wa kopo, idadi ya stensili zinazofuatana nalo na rangi zinazopatikana vimeandikwa kwenye kifurushi chenyewe, na anayevitaka atavisoma. Ambalo halikuandikwa popote ni kwamba nakshi ya rojo hilo inaweza kutulia juu ya kadi kwa uzuri wote mbele ya macho ya mteja, ikasifiwa, ikalipiwa, kisha ikafika Muscat ikiwa vumbi.

Mteja wangu ni bibi mmoja wa Mji Mkongwe mwenye jamaa Oman, kama zilivyo familia nyingi za hapa, na kila Idi huwapelekea kadi za karatasi kwa sababu, asemavyo yeye, salamu ya simu hufutwa na kidole kile kile kilichoifungua. Safari hii aliniagiza kadi zenye nakshi za milango yetu ya zamani: yungiyungi katikati, na mnyororo ule unaozunguka fremu ya mlango ukizunguka ukingo wa kadi, vyote viwe vimeinuka ili atakayeipokea aweze kuvipapasa. Yungiyungi nililipata katika stensili zilizokuja na kopo. Mnyororo niliuchonga mwenyewe kwa wembe juu ya filamu kuukuu ya eksirei, ambayo kwa kazi hii haina mpinzani kwa kuwa ni nyembamba, haipasuki ovyo na haidhuriki kwa maji. Kazi niliifanya mwezi wa Shaaban, bila haraka, na bibi alipozitazama kadi alizipitishia viganja moja baada ya nyingine, akaniombea dua, akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo wanaomjua watashuhudia kwamba halijapata kutokea.

Wasioijua kazi hii wasidhani kwamba ni kupaka rangi tu. Stensili hulazwa juu ya karatasi nzito na kushikizwa kwa utepe wa karatasi ili isicheze, kisha rojo hutandazwa juu yake kwa mwiko bapa ulioinamishwa, kwa mkupuo mmoja ikiwezekana, hadi matundu yote yajae. Stensili ikiinuliwa wima bila kuburuzwa, nakshi hubaki imesimama juu ya karatasi. Stensili nayo haina budi kuoshwa papo hapo, kwa sababu rojo la akriliki likishakauka haliyeyuki tena kwa maji, na mabaki yaliyogandamana kwenye kingo huiharibu kadi inayofuata. Ndani ya rojo mna vitu viwili vyenye kazi kubwa: unga wa mawe, mara nyingi kabonati ya kalisi au marumaru iliyosagwa, unaolipa rojo mwili, na gundi ya akriliki iliyosambaa ndani ya maji, inayoushika unga huo. Maji yanapotoka, chembe za gundi husogeleana zikaungana na kuwa ngozi moja yenye kunyumbuka. Unyumbufu huo ndio tunaoununua. Kadi hutiwa bahashani, hugongwa mihuri, hulaliwa na vifurushi vizito na hupindwa na kila mkono unaoipokea, kwa hiyo nakshi isiyoweza kujipinda pamoja na karatasi yake haiwezi kusafiri.

Kadi zilifika katika kumi la mwisho la Ramadhani. Bibi hakunipigia mara moja. Naamini alijizuia kwa ajili ya swaumu. Aliponipigia, baada ya kuulizana hali kwa urefu usio wa kawaida, alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi: "Mwanangu, wenzangu wananiuliza nimewapelekea kadi au chokaa ya ukutani." Kisha akanitumia picha aliyopelekewa. Kadi ilikuwa imetandazwa juu ya meza, nyeupe tupu katikati, na pembeni kulikuwa na vipande vitatu vinne vya mnyororo vilivyong'ang'ania. Sehemu iliyobaki ya nakshi yangu ilikuwa imemwagwa kutoka kwenye bahasha na kufanywa kichungu kidogo, na mtu fulani, sijui kwa mzaha au kwa hasira, alikuwa amekichoma kidole katikati.

Nilikuwa na kadi chache zilizobaki nyumbani, nikazichukua nikazipinda taratibu. Zote zililia. Nyufa zilipita katikati ya yungiyungi, vipande vikainuka kwenye kingo, na nilipovigusa vilianguka huku karatasi ya chini ikibaki safi, ishara kwamba gundi haikuishika karatasi wala haikuushika unga. Ili nisimwonee mtu, nilifanya jaribio ambalo kila anayenunua rojo jipya anaweza kulifanya: nilipaka tabaka jembamba juu ya mfuko wa plastiki, nikaliacha usiku kucha likauke, kisha nikalibandua na kulikunja. Rojo zima hujikunja na kujirudi. Langu lilikatika kama biskuti. Katika nyumba za kale za Lamu kuna zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chokaa zilizochongwa nakshi katika karne ya 18 ambazo mpaka leo zinatazamwa na watalii, na waliozichonga hawakuwa na akriliki wala kopo lenye picha ya waridi. Sisi wa leo tunauziwa unga uliolowekwa na kuambiwa ni ufundi wa kisasa.

Najua litakalosemwa, kwa kuwa nimeshaambiwa: kwamba Unguja ina unyevu mwingi, kwamba nilipaka tabaka nene, kwamba niliharakisha kukausha. Unyevu huchelewesha kukauka, lakini hauli gundi. Tabaka nene hupasuka kwa sababu uso hukauka kabla ya ndani, na nyufa zake huonekana mapema, kadi ikiwa bado mezani, si baada ya safari; langu halikuzidi unene wa stensili. Kukausha kwa hewa ya moto hutoa mapovu, na katika kadi zangu hapakuwa na povu hata moja kwa kuwa niliziachia kivuli na upepo wa dirishani.

Sasa nije dukani, maana kama isingekuwa duka, hasira yangu ingekuwa imeshapoa. Nilikwenda baada ya Idi nikiwa na kopo, kadi zilizovunjika, picha ya Muscat ndani ya simu na risiti. Kijana wa kaunta, ambaye siku ya kuniuzia aliniamkia shikamoo kabla sijavuka kizingiti na kuniita mama kila baada ya maneno mawili, safari hii aliitikia salamu yangu kwa kichwa, macho yakiwa kwenye simu. Nilimweleza kwa utaratibu. Nilimkunjia kadi moja mbele yake, nakshi ikamwagika juu ya kioo cha kaunta. Akaipangusa kwa kiganja, tena upande wangu, akasema: "Bi mkubwa, rojo hili wanalichukua watu wa mahoteli na hatujapata kulalamikiwa. Hii kazi ina watu wake."

Hii kazi ina watu wake! Nimekuwa nikitengeneza kadi tangu kijana huyo hajajua kushika kalamu. Kabla makopo haya hayajaingia mjini tulikuwa tukijichanganyia wenyewe: poda sehemu mbili, rangi nyeupe ya akriliki sehemu moja na gundi nyeupe ya mbao sehemu moja, tukikoroga hadi mchanganyiko usimame juu ya kijiko bila kuteleza. Rojo hilo la nyumbani hunywea kidogo linapokauka, wala halina weupe unaong'aa, lakini halijapata kunitia aibu kwa mtu. Nilimweleza hayo pia, na naungama kwamba sauti yangu ilikuwa imepanda. Akanionyesha kwa kidevu karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairejeshwi. Nikamwambia, "Mwanangu, mali ndiyo hairejeshwi, hii si mali, hii ni vumbi." Mteja mmoja nyuma yangu alicheka. Kijana hakucheka.

Nikaomba kuonana na mwenye duka. Tajiri yuko Dubai. Atarudi lini? Haijulikani. Nikaomba basi lifunguliwe kopo jingine tulijaribu pale pale, na likionekana zima niende zangu kimya kimya. Akasema kopo likifunguliwa ni lazima nilinunue. Hapo ndipo nilipotoka, na nilipokuwa nikitoka nilisikia akimweleza yule mteja mwingine, kwa sauti ile ile tamu niliyoizoea, kwamba rojo lile ni zuri sana.

Kuna walionishauri nipeleke malalamiko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, kwa kuwa mlaji ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa kazi iliyouziwa. Ni kweli, lakini kwa kopo moja la rojo nimeona haya kuwasumbua watu.

Kwa ajili ya haki, niseme kwamba stensili zilizokuja ndani ya kifurushi kile ni bora kuliko zote nilizowahi kununua. Kingo zake ni safi, haziachi manyoya ya plastiki, hazijipindi baada ya kuoshwa, na ule mwezi mwandamo mwembamba, ambao kwa kawaida ndio wa kwanza kukatika nchani, bado uko vilevile. Bei yake si ndogo, lakini kwa stensili peke yake ningelipa tena.

Jambo lililonivuruga zaidi lilitokea baadaye. Mpwa wangu, aliyekuwa na kazi ya sanaa ya shuleni, alikwenda akanunua kopo la rojo lile lile, katika duka lile lile, bila kuniambia, pengine kwa kuwa alijua nitamzuia. Alipofungua kifuniko nilikuwa karibu, na nikaona kitu ambacho kopo langu halikuwa nacho kabisa: karatasi ya fedha iliyobanwa mdomoni mwa kopo, ambayo ni lazima uichane kabla ya kulifikia rojo. Nililigusa rojo lake. Lilikuwa zito na laini, halikutenga maji juu. Nikalipaka kwenye mfuko, nikalisubiri, nikalikunja, nikalikunja tena kwa ukali, kisha nikalivuta. Halikupasuka. Nikapaka yungiyungi juu ya kadi, likasimama na kingo zake kali, na lilipokauka niliitia kadi bahashani, nikaikalia, nikaitoa ikiwa salama. Kwa hiyo lile sharti langu la kwanza, kwamba lisiguswe na mtu, haliwezi kubaki kama lilivyo. Rojo lililofungwa na kiwanda na ambalo halijaguswa na mkono wa mtu ni zuri. Pengine, na hili nalisema kwa shida, ni zuri kuliko lile letu la poda na gundi.

Lakini kadiri ninavyolifikiria ndivyo linavyozidi kuniudhi. Ikiwa kiwanda hufunga makopo yake kwa karatasi ya fedha, yangu ilikwenda wapi? Akriliki ikishaanza kukauka ndani ya kopo lililoachwa wazi, chembe zake huungana na haziachani tena hata zikitiwa maji. Anayelitia maji rojo la namna hiyo ili lionekane jipya hupata uji wa unga usio na kitu cha kuushika. Sikumwona mtu akifanya hivyo, na sitamsingizia mtu. Huenda kopo lilitoka kiwandani na kasoro, huenda lilifunguliwa ili kuonyeshwa watu wa mahoteli. Ninalolijua ni kwamba kijana yule angeweza kufungua kopo la pili siku ile, tukaona pamoja tofauti ya vinywa viwili vya makopo, akanibadilishia, na mimi leo ningekuwa naandika sifa za duka lake. Alichagua kuniambia kwamba kazi ina watu wake.

Anayetaka kulinunua alinunue, ila amwombe muuzaji afungue kifuniko mbele yake, aone karatasi ya fedha ikiwa imekazwa pande zote, na akikataliwa aondoke hata kama ameitwa mama mara ngapi. Bibi wa Mji Mkongwe nimemrejeshea fedha zake zote na nimemtengenezea kadi nyingine za Idi ya Mfunguo Tatu kwa rojo la nyumbani, bila malipo. Mpwa wangu amepata ruhusa ya kuendelea kununua stensili huko, kwa fedha yake mwenyewe. Duka halijanirejeshea hata shilingi, tajiri bado yuko Dubai, na risiti ninayo.