TAHADHARI: Anayeuza "dragoni wadogo wa kufuga" ni tapeli, msitume hela

Wakuu, habari za kazi. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza "dragoni wadogo wa kufuga". Nawaomba msitume hata mia.

Tangazo linavutia, sikatai. Kimnyama cha kijani, ukubwa wa kifaranga, mabawa ya popo, kimekaa juu ya kidole gumba cha mtu. Bei laki tatu na nusu: nusu unatanguliza, nusu ukipokea mzigo. Anadai wanatoka Indonesia, wanakula asali na karanga, hawang'ati, na ukiwaita kwa jina wanakuja. Mpwa wangu wa kidato cha pili alimsumbua mama yake mpaka dada akatuma hiyo ya kutanguliza, na ya kutolea juu.

Baada ya hapo ndipo simu zikaanza. Mzigo uko uwanja wa ndege, lipia chanjo, 80,000. Ikalipwa. Kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka), 120,000, "inarudishwa". Ikalipwa. Kisha sanduku la joto, eti mnyama anakufa kwa baridi, na hapo sauti ikageuka: akifa tunakushtaki kwa ukatili wa wanyama. Dada akaogopa, akanitumia hicho kibali. Muhuri umeandikwa "Wizara ya Mali Asiri na Utali". Jamani! Kibali cha CITES hapa Tanzania kinatoka Idara ya Wanyamapori, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Huletewi kwa WhatsApp saa nne usiku, ukalipia kwenye namba ya mtu binafsi.

Nikampigia huyo muuzaji. Nikamwambia anipigie video, amshike mnyama na gazeti la leo. Akajibu dragoni wanaogopa mwanga wa simu. Picha zote za tangazo zimepigwa kwa flashi.

Ziangalieni vizuri hizo picha. Kile kidole gumba kina kucha upande wa kiganja. Kwenye video mnyama ameshapaa, kivuli chake bado kiko ukutani. Ni kazi ya akili unde hiyo. Halafu hesabuni viungo: miguu minne na mabawa mawili. Ndege na popo, bawa ndiyo mkono wake wa mbele. Hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo aliyepewa miguu minne kisha akaongezewa mabawa.

Anapobanwa anatumia jina la mjusi wa kweli, Draco volans, ndiyo maana watu wakitafuta mtandaoni wanamwamini. Mjusi huyo yupo, mtaalamu wa viumbe Linnaeus alimpa jina hilo mwaka 1758, na anaishi kwenye misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Ana kama sentimita 20 pamoja na mkia. Lakini hana mabawa ya kupiga. Ana ngozi ubavuni inayotandazwa na mbavu zake ndefu, inafunguka kama mwavuli, naye anajirusha kutoka mti mmoja na kuteleza hewani hadi mwingine. Anakula sisimizi na mchwa. Hizo asali na karanga kazitoa wapi?

Wazazi, muwe macho zaidi, maana anawafuata watoto kwanza, tena anawapa "punguzo la wanafunzi". Mkiliona tangazo kwenye grupu lenu, mwambieni admini alifute na amtoe.

Kwa ambao mmeshatuma: msifute meseji wala rekodi za malipo, hata kama mnaona aibu. Utapeli wa hivi unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na polisi watazitaka. Meseji zake zipelekeni 15040, namba ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ya kupokea taarifa za utapeli. Na aliyetuma leo asisubiri kesho, apige huduma kwa wateja ya mtandao wake sasa hivi aombe muamala uzuiwe. Jamaa akishatoa kwa wakala, kuirudisha ni shughuli pevu.