Spea za La Pavoni za zamani hapa Nairobi: nini ununue, nini ukereze

Europiccola, mashine ya espresso ya La Pavoni ya Italia inayokamua kahawa kwa kushusha mkono, ilianza kuuzwa 1961 na kwa nje haijabadilika sana, ila ndani ni mambo tofauti. Kwa kawaida za kabla ya 2000 hutumia kichujio cha mm 49, na zilizofuata mm 51. Pakiti ya sili (mipira ya kuzuia maji yasivuje) iliyoandikwa "Europiccola" bila kipimo ni bahati nasibu. Pima kwa venia (kipimio cha milimita) kabla ya kutuma pesa, kwa sababu kuirudisha ng'ambo hakulipi.

Kwenye sili za pistoni, lipia za asili. Nakala si zote mbovu, lakini zikague: pitisha ukucha kwenye mdomo wa mpira, na ukigusa mshono wa kalibu, iache. Mshono huo huchana njia ya maji. Sili ni mbili, na hufungwa migongo ikielekeana: mdomo wa juu utazame juu, wa chini utazame chini. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Kichwa (sehemu inayotoa kahawa) kikidondosha maji mkono ukiwa chini, tuhumu sili za pistoni. Maji yakipanda kwenye fimbo ya pistoni, tuhumu sili ya fimbo. Paka grisi ya silikoni ya vyakula, kidogo tu. Vaselini na grisi ya gari huvimbisha mpira wa EPDM (ule unaovumilia mvuke), na mkono huwa mzito kama umeshikwa.

Oringi za Kirinyaga Road ni rahisi na zipo za kila saizi, lakini nyingi ni NBR, mpira wa mafuta. Kwenye mvuke hukauka na kupasuka. Muuzaji akisema ni EPDM, nunua moja ya ziada uiloweke kwenye oili ya injini kutwa nzima: ikivimba, huenda amesema kweli, isipovimba, si EPDM. Iliyolowekwa itupe. (Sili za breki za gari nazo huwa EPDM, lakini si za chakula, kwa hivyo usishawishike.)

Pini za mkono zikilika, usiagize. Fundi wa kukereza Kariobangi Light Industries atakutolea nyingine kutoka chuma cha pua ukimpelekea ile ya zamani pamoja na tundu lenyewe, maana tundu nalo huwa limepanuka. Silinda ya ndani ya kichwa ni kazi nyingine. Isiposafishwa hadi ing'ae itakula sili mpya, na brasi ya kukereza inayouzwa kwa kawaida huwa na risasi (madini ya lead). Hiyo isubiri ya asili.

Kinachoamua kama mashine inafaa kununuliwa ni elementi, yaani kipashio cha umeme kilicho ndani ya boila. Kuipata ya modeli kongwe ni shida, na ya hita ya kuogea haiwezi kuziba pengo. Nenda na mita, zipo tele Luthuli Avenue, uchomoe plagi ya mashine kwanza. Elementi ya wati 1000 kwa volti 220 isome karibu omu 48. Kisha pima kutoka kwenye ncha yake hadi mwili wa boila: mita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha, unyevu au kutu vimeingia na itarusha umeme. Kumbuka pia kwamba umeme wetu ni volti 240, kwa hiyo elementi hiyo huvuta karibu wati 1,190. Boila isiachwe ikauke hata dakika chache.

Mwinuko wa Nairobi hausumbui sana. Kwa bar 1 kwenye geji, boila hapa huwa kama nyuzi 117 badala ya 120 za pwani, na kwa Europiccola, inayojulikana kwa kuchoma kahawa baada ya vikombe viwili vitatu, hiyo ni nafuu.

Bomba la kioo la kuonyesha maji likivunjika, dai kioo cha borosilikati chenye kipenyo kile kile na gasketi zake mpya. Kioo cha kawaida kitapasuka kikipata joto la ghafla, na mvuke utakutokea usoni.