Kinyozi wa Mlango Mmoja, Jumatatu ni siku ya watoto wa mtaani na foleni ni foleni

Jamani wenye watoto wa kiume hapa Mwanza mnanielewa nikisema kupata kinyozi mzuri ni shida, ama atamtoa mtoto damu shingoni ama atamnyoa harakaharaka kisa kuna mtu mzima kakaa kwenye benchi anasubiri. Mi nimeshahama vinyozi watatu toka tuhamie Mabatini. Huyu wa sasa nilimpata kwa bahati tu, yuko upande wa Mlango Mmoja, ukishatoka kwenye mitumba unashuka kama unaufuata mto Mirongo, mlango wa bluu, bango hana, viti viwili vya kunyolea na benchi la mbao. Jina siandiki kwa sababu nilimuomba ruhusa akasema mama we sema kazi tu, sitaki watu waje kuwapiga picha wadogo zangu.

Nianze na kunyoa maana ndo kilichonipeleka. Mtoto ni 1,500, mkubwa 3,000, ukitaka kuoshwa na skrabu unalipa 5,000. Mkono wake mwepesi sana. Kabla hajamgusa mtu anaipiga mashine brashi zitoke nywele za aliyepita, anapaka spirit, anaiacha ikauke, yote mbele ya macho yako, na wembe anaufungua kwenye karatasi yake ukiwa umeshakaa kwenye kiti, kichwa kimoja wembe mmoja, hana mjadala kwenye hilo. Mwanangu alikuwa na vipele nyuma ya shingo, kila akinyolewa vinaumuka tunaanza kuhangaika na dawa, huu mwezi wa nne kwa huyu kaka na shingo ni safi kabisa. Kuna siku moja tu alimchonga mbele laini ikarudi nyuma sana, nikamwambia, akakubali kosa na toka hapo hajarudia.

Sasa Jumatatu. Mi huwa naenda Jumamosi, ila kuna Jumatatu mtoto karudishwa shule kwa ajili ya nywele, nikamshika mkono moja kwa moja mpaka Mlango Mmoja. Nikakuta nje viroba vya makopo vimepangwa pembeni ya mlango, vinne, na ndani kwenye benchi wavulana wanne, wale wanaolala kwenye vibaraza vya maduka mjini, mchana unawaona wanabeba mizigo sokoni au wanaokota makopo ya kuuza kwa kilo. Nitasema ukweli, nilisimama pale mlangoni na pochi nikaivuta mbele. Kinyozi akanikaribisha vizuri tu, nikamwambia kaka nina haraka, mtoto anatakiwa arudi darasani, akanijibu bila kuacha kunyoa, "Karibu mama, ila foleni ni ya hawa mabosi, waombe wenyewe."

Yaani ilibidi niwaombe. Sijawahi kumuomba mtoto wa mtaani kitu chochote maishani mwangu, siku zote wao ndo wananiomba mimi. Nikamwambia yule aliyekuwa wa mbele, mwanangu naomba tupite, huyu mwenzio kafukuzwa shule. Akawaangalia wenzake, wale wakatikisa vichwa, akasema, "Apite tu, mtoto wa shule huyo," na akasogea kwenye benchi nipate pa kukaa.

Mwanangu alipomaliza nikasema nikae kidogo, haraka nilishaisahau. Yule kijana akapanda kwenye kiti. Kitambaa ni kilekile alichofungwa mwanangu, kikakung'utwa, akafungwa shingoni, alafu kinyozi akamuuliza, "Tukate staili gani bosi?" Kijana kimya. Akaulizwa tena, panki, denge, low, we sema. Ikapita muda ndo akanyoosha kidole kwa mwanangu, "Kama ya huyo." Akanyolewa kama ya huyo, akachongwa, akapakwa spirit akakunja uso, akapigwa poda shingoni. Kinyozi akampa kioo cha mkononi aone kisogo. Hakuangalia kisogo. Alikigeuza akawa anajiangalia usoni, akagusa sikio, akagusa paji, na kinyozi kazima mashine kasimama tu nyuma yake anasubiri, hakumwambia haya shuka wenzio wanangoja.

Hicho ndo kilichonifanya niandike. Kutoa vitu tunatoa wengi, ukipita barabarani unampa mtoto mia tano huku unatembea hata sura yake huioni, na mi nimefanya hivyo miaka. Saluni niliyokuwa naenda zamani waliwahi kumwagia mtoto maji ya kuoshea vichwa kisa kajikinga mvua mlangoni, na mimi nilikuwa nimekaa ndani, sikusema neno. Hapa mtoto anaulizwa anataka nini na anapewa hicho alichotaka.

Najua kuna watakaosema magonjwa, maana siku ileile kuna baba aliingia, akaangalia benchi, akatoka. Nimemuuliza kinyozi wazi. Mwenye mapunye ana mashine yake pembeni, haichanganyiki na nyingine, na anamwambia ukweli kwamba kunyoa hakuponyi, mapunye ya kichwani yanataka dawa ya kumeza wiki kadhaa, mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, kwa hiyo anawapeleka zahanati, kuna mmoja alimpeleka kwa miguu yake mwenyewe. Alafu nyuma ana ndoo mbili za maji safi na sabuni ya mche. Nilidhani ni za kuoshea vichwa tu, kumbe ni kwa ajili ya kuoga, kwa sababu hawa watoto wanaogea ziwani au hapo mtoni, na sisi wa kanda ya ziwa tunakijua kichocho, vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini vinapenya kwenye ngozi hata kama maji hujayanywa. Ndoo mbili haziwezi kumaliza kichocho Mwanza, ila siku hiyo wanne wameoga maji salama. Ukutani kaandika kwa makapeni 116, ile namba ya bure ya huduma kwa mtoto, na simu yake anawaachia wapige.

Jumatatu nyingine nilienda makusudi nikamkuta anamnyoa ndevu mzee mmoja anayelala kibarazani maeneo hayo. Alimpokea kwa "Mwangaluka bhabha", mzee akaitikia, na maongezi yao yote yalikuwa ya mvua na bei ya dagaa. Hakuulizwa ndugu zake wako wapi.

Hela ya kuwasaidia haipokei, anasema ikishaingia hela watu wataanza kuulizana. Lete spirit, lete pakti ya wembe, lete sabuni. Nguo alizo nazo ni mashati tupu, kila mtu analeta shati, wanachokosa ni boksa mpya na malapa, kwa hiyo ukipita sokoni chukua hizo.

Mabaya yapo. Jumamosi unaweza kukaa masaa mawili, benchi linaumiza, joto la mabati mchana si mchezo, choo hakuna, na umeme ukikatika unarudi nyumbani na kichwa nusu maana jenereta hana. Redio nayo anafungulia juu sana. Kwa kunyoa nampa nne kati ya tano, hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya foleni na umeme. Anafungua saa 2 asubuhi, na Jumatatu mpaka saa 7 mchana ni ya wale mabosi, ukienda muda huo uwaombe wenyewe.

Juzi nilikuwa napita hapo Mlango Mmoja nikasikia mtu ananiita mama, mama, kugeuka ni yule kijana, ana gunia begani, nywele zimeshaanza kuota. Nikajua anaomba kitu, nikaanza kufungua pochi. Akaniuliza, "Shule walimpokea?"

Nikamwambia walimpokea.